Flashi saa saba mchana: jinsi ninavyopiga harusi ufukweni

Kwenye harusi za Dar hakosekani shangazi wa kuniuliza, "Mwanangu, jua lote hili, hiyo taa ya nini?" Namjibu kwamba taa ni kwa sababu ya hilo hilo jua. Misa imeisha saa sita, ukumbi ni usiku, maharusi wanataka picha za Coco Beach sasa hivi, na jua liko utosini. Macho yanageuka mashimo, pua inatupa kivuli mdomoni, gauni jeupe linaungua, yaani linatoka jeupe tupu bila mikunjo. Ukiongeza mwanga kwenye kamera ili uso uonekane, gauni na bahari vinapotea. Ukipunguza ili kuokoa gauni, uso unabaki giza. Hapo flashi ndiyo inayokutoa, ila uitumie kwa mpangilio.

Mimi huanza na jua peke yake, flashi ikiwa imezimwa. Kuna kanuni ya enzi za filamu ambayo haijazeeka: jua likiwa wazi, weka f/16 (tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na kasi ya shata, mlango unaopitisha mwanga, iwe sawa na ISO yako, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. ISO 100, basi 1/100 ya sekunde. Ukitaka 1/200, unafungua hadi f/11. Napiga picha ya majaribio, naangalia anga na gauni. Anga likiwa la bluu na gauni lina mikunjo inayoonekana, sigusi tena hiyo mipangilio hata kama bwana harusi kwenye skrini anaonekana mweusi tii. Uso wake ni kazi ya flashi.

Kwa nini nang'ang'ania 1/200? Shata ya kamera nyingi ni mapazia mawili. Mpaka 1/200 au 1/250, kulingana na kamera, kuna muda mfupi ambapo pazia la kwanza limeshafunguka lote na la pili halijaanza kufunga, na flashi inawaka hapo katikati. Ukipita kasi hiyo, pazia la pili linaondoka kabla la kwanza halijafika, kwa hiyo mwanga unapitia kwenye ufa tu. Ndiyo maana picha inatoka na mstari mweusi upande mmoja. Kamera zenye shata ndani ya lenzi, kama Fujifilm X100, hazina tatizo hilo, na Sony a9 III nayo imeondoa mapazia kabisa, ila bei yake si ya kila mtu.

Sasa umbali, na hapa ndipo pesa nyingi za vijana zinapopotea. Watu hununua flashi kubwa zaidi wakati waliyonayo ingetosha kama wangeisogeza. Chukua flashi ya kawaida ya juu ya kamera yenye namba ya nguvu (guide number, kwa mita) 40 kwenye ISO 100. Gawanya 40 kwa 11: kwenye f/11 inafika mita 3 na nusu hivi, ikiwa imewashwa kwa nguvu yote. Ukiivalisha softboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, mwanga unaweza kubaki robo tu, na hizo mita zinabaki nusu yake. Lakini ukiitoa mita 3 ukaileta mita 1 na nusu, mwanga unaomfikia bibi harusi unakuwa mara nne. Kwa hiyo kijana wangu wa taa husimama karibu kabisa, softboksi ikiwa nje kidogo tu ya fremu, juu kidogo ya macho ya maharusi. Mara nyingine ukingo wake unaingia kwenye picha. Ukingo huo ukiwa mbele ya anga tupu, kuufuta ni kazi ndogo.

Najua mtauliza kuhusu HSS (high-speed sync), yaani kutumia flashi kwa shata ya kasi kuliko hiyo 1/200. Inafanya kazi: flashi inawaka kwa vipande vipande vya haraka muda wote ule ufa unapopita, nawe unaweza kupiga f/2.8 kwa 1/3200. Gharama yake ni kwamba sehemu kubwa ya mwanga inaishia kwenye pazia, nguvu inashuka sana na flashi inachemka. Nikitaka nyuma iwe na ukungu naona afadhali filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu 3 (kila stopu hukata mwanga nusu): f/11 inakuwa f/4, shata inabaki 1/200, na uwiano wa flashi na jua haubadiliki. Ila kwa ufukweni, huo ukungu wenyewe siupendi sana. Watu wamefunga safari kuja kwenye bahari, halafu wewe unaifuta?

Kuna jambo ambalo flashi haiwezi kukusaidia, nalo ni mwelekeo. Coco Beach inatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, maharusi wakiipa bahari mgongo jua linawapiga kwa nyuma, flashi inapaka uso, kazi rahisi. Kuanzia saa nane au tisa jua liko upande wa mjini. Ukiwapanga vile vile wanalitazama usoni, wanakunja nyuso, na hakuna taa itakayowafumbua macho. Hapo wageuze watazame kando ya ufuko, jua lipige bega moja, flashi itoke upande wa pili. Forodhani kule Unguja ni kinyume chake, alasiri ndiyo yake.

Adhuhuri nayo inategemea mwezi. Juni na Julai jua la Dar liko kaskazini, wageuze kusini. Desemba liko kusini, wageuze kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na kwenye Oktoba linapita juu kabisa ya kichwa, hakuna mbele wala nyuma. Siku hizo natafuta kivuli cha ukuta au baraza na kuwasimamisha pembeni mwake. Kivuli cha mivinje kinadanganya, kinaacha madoa ya jua usoni.

Mengine ni ya kawaida. Trigga, kifaa cha kuwasha flashi kwa mbali, iwe ya redio; zile zinazoitana kwa mwanga hupotea juani. Usiiamini skrini, soma histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha. Beba poda au tishu, maana jasho kwenye kipaji cha uso likikutana na flashi linatoa doa jeupe. Upepo wa kusi haucheki na softboksi, hivyo nenda na kiroba kitupu, ukakijaze mchanga hapo hapo na kukining'iniza kwenye stendi. Flashi ikianza kuchelewa kujaa, ipumzishe kivulini huku ukipiga za wapambe bila taa. Na kuanzia saa kumi na moja, jua likishakuwa la dhahabu, valisha flashi jeli (karatasi angavu) ya rangi ya chungwa, la sivyo uso utatoka wa kibluu mbele ya anga la jioni.