Kiingereza cha 1611 si cha leo

Ni kweli "news" ni herufi za mwanzo za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza? (Wengi, kutoka kila kona)

Si kweli. Haikuwa kweli mliponiuliza mara ya kwanza, na haijawa kweli tangu hapo. "News" ni "new" yenye s ya wingi, yaani mambo mapya, kama Wafaransa wasemavyo "nouvelles". Na kabla hamjanitumia ile ya gofu, eti herufi zake ni "Gentlemen Only, Ladies Forbidden", zinawafukuza wanawake kiwanjani: bunge la Uskoti liliupiga marufuku mchezo huo kwa jina lake mwaka 1457, karne nyingi kabla watu hawajazoea kuunda maneno kwa herufi za mwanzo. Ukiona neno la kale limefunguliwa herufi moja moja kwenye grupu la WhatsApp, lifute, usilisambaze.

Shikamoo. Kwenye semina ya ndoa mhubiri alisoma 1 Petro 3:1 kwa King James, ile Biblia ya kale ya Kiingereza, kwamba waume wasioamini watavutwa na "the conversation of the wives", hivyo tusichoke kuongea nao. Mume wangu anasema ameshaongeleshwa vya kutosha. Nani yuko sahihi? (Mama wa Morogoro)

Marahaba. Mumeo. "Conversation" hapo ni mwenendo, namna mtu anavyoishi na wenzake. Tena mstari wenyewe unasema wavutwe pasipo lile neno, yaani bila kuhubiriwa! Mhubiri wenu ameugeuza kichwa chini miguu juu. Angefungua Biblia ya Kiswahili, ile ya Union ya 1952, angekuta "mwenendo wa wake zao" na shughuli ingeishia hapo.

Watu wanabeba King James ya 1611 ili waonekane wamesoma, kisha wanaisoma kwa kamusi ya juzi. Kwenye 1 Wathesalonike 4:15, walio hai "shall not prevent" waliolala. Hakuna anayemzuia mtu. "Prevent" ni kutangulia, kutoka Kilatini, kuja mbele. "Let" ndiyo mtego mkubwa zaidi. Katika 2 Wathesalonike 2:7, "he who now letteth" ni azuiaye, si aruhusuye. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana sauti, kimoja cha kuruhusu, kingine cha kuzuia. Vikaishia kuandikwa sawasawa, kisha cha kuzuia kikafa, isipokuwa kwenye vichochoro kama pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenyewe apite "without let or hindrance". Na tini za Yeremia 24:2, "very naughty figs", hazikuwa na utundu. Zilikuwa mbovu.

Nimesoma kwamba maana halisi ya "nice" ni mjinga. Niache kumwita mchumba wangu hivyo?

Endelea kumwita. Karne ya 14 lilimaanisha mjinga kweli, kutoka "nescius", asiyejua. Ninachokataa ni hiyo "maana halisi", kana kwamba ya zamani ndiyo ya kweli na tunayotumia leo ni ya kuazima. "Silly", ambalo leo ni mpumbavu, nalo liliwahi kumaanisha mwenye baraka. Mwite bosi wako hivyo kesho, halafu umweleze historia.

Juliet anaposema "wherefore art thou Romeo" anauliza Romeo yuko wapi? (Kidato cha nne)

La. Anauliza kwa nini awe Romeo, mtoto wa ukoo wa maadui. Kwenye igizo lenu la shule, Juliet asiweke kiganja juu ya macho akichungulia gizani.

Mwalimu anataka insha za mwanangu ziwe na maneno adimu. Nimemnunulia kijitabu chenye "perchance" (huenda), "betwixt" (kati ya) na "fortnight" (wiki mbili). Nimefanya vizuri? (Mzazi, Nakuru)

"Fortnight" liache, liko hai Uingereza na hata kwetu. Ni usiku kumi na nne. Mmarekani ndiye hulitolea macho. Lakini mtoto anayeandika kwamba matatu ilichelewa "perchance" amevaa koti la marehemu, na msahihishaji analijua. Kijitabu hicho kinampa neno bila kumwambia lilikufa lini. Ile kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka 1884 na kukamilika 1928, huweka chini ya kila maana sentensi zenye miaka yake. Mpeleke maktaba akaione. Na mnunulie riwaya.

Eti "girl" liliwahi kuwa hata mvulana?

Ndiyo, mtoto yeyote. Na "meat" kilikuwa chakula chochote, kwa hiyo ndugu aliyeniletea Mwanzo 1:29 kutetea nyama choma arudi akasome: pale panazungumzwa mimea.