Linux ya watu wengi: anza na makundi, kuficha terminali baadaye

Umeuliza namna ya kuficha terminali (dirisha la kuandikia amri) kwenye Ubuntu ya maktaba ya shule ili wanafunzi wasifute programu. Kuficha terminali ni kazi ya mwisho. Asiye na sudo (ruhusa ya msimamizi) hafuti programu ya mfumo hata ukimwachia terminali wazi.

Andika `groups mwanafunzi` uone makundi ya akaunti ya wanafunzi. Ukikuta sudo, lxd au docker (hizi mbili ni za kuendesha kontena, mifumo midogo ndani ya kompyuta), mtoe: `sudo deluser mwanafunzi sudo`, halafu na hayo mengine. Wengi wanakumbuka sudo tu, kumbe aliyemo kwenye docker anaweza kuingiza diski nzima ndani ya kontena na kuandika popote. Huyo ni root (mwenye mamlaka yote) tayari. Mabadiliko hushika akitoka na kuingia upya. Kabla ya yote, hakikisha ipo akaunti nyingine yenye sudo, usije ukajifungia nje.

Mlango unaosahaulika ni GRUB, programu inayoanzisha Linux. Mtu akifungua menyu yake wakati kompyuta inawaka, akabonyeza e na kuongeza `init=/bin/bash`, anakuwa root bila kuulizwa nenosiri. Tengeneza hashi (nenosiri lililofichwa kwa msimbo) kwa `grub-mkpasswd-pbkdf2`, kisha weka mistari ya `set superusers` na `password_pbkdf2` kwenye /etc/grub.d/40_custom, umalizie na `sudo update-grub`. Hapa ndipo watu hukwama: kompyuta inaanza kudai nenosiri kila ikiwashwa. Ongeza `--unrestricted` kwenye mstari wa CLASS ndani ya /etc/grub.d/10_linux, kisha rudia update-grub. Weka pia nenosiri la BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) na uzime kuwaka kwa flashi, maana flashi yenye Ubuntu inapita juu ya yote hayo.

Sasa terminali. Kwa GNOME (mazingira ya madirisha ya Ubuntu), faili /etc/dconf/profile/user iwe na mistari miwili: `user-db:user` na `system-db:local`. Mistari hiyo ikikosekana, hakuna kitakachofanya kazi na hutaona kosa lolote. Kwenye /etc/dconf/db/local.d/00-zuio andika:

[org/gnome/desktop/lockdown]
disable-command-line=true

Kwenye /etc/dconf/db/local.d/locks/zuio andika:

/org/gnome/desktop/lockdown/disable-command-line

Bila faili hilo la pili, mwanafunzi anarudisha mpangilio kwa gsettings (amri ya kubadili mipangilio). Endesha `sudo dconf update`. Zuio hili haligusi programu zenye terminali ndani yake, kama vihariri vya msimbo wa programu, hizo usizisakinishe.

Ingia kama mwanafunzi, kwa TTY ya Ctrl+Alt+F3 (skrini ya maandishi tu, ambayo zuio hili haliigusi), ujaribu `gsettings writable org.gnome.desktop.lockdown disable-command-line`. Jibu liwe false.