Kidole kinachokwama: mimi nimechomwa sindano za aina mbili

Mkuu, umeuliza kama kuna mtu aliyetibiwa kidole kinachokwama kwa ncha ya sindano, bila kupasuliwa, na kama kweli inasaidia. Mimi hapa.

Ni fundi cherehani, mkasi ndio jembe langu. Kilianza kidole cha pete, mkono wa kulia. Naamka asubuhi kimejikunja kiganjani, hakifunguki mpaka nikivute kwa mkono wa kushoto, halafu tak! kinafyatuka na machozi yananilenga. Maumivu niliyasikia kwenye kiungo cha katikati, basi miezi mitatu nikawa nakanda pale kwa mafuta. Kazi bure, maana shida iko kiganjani, kwenye shina la kidole. Bonyeza pale utasikia kinundu kama punje ya harage. Kano inayokunja kidole inapita ndani ya pete ngumu zinazoishikilia isiachane na mfupa. Pete ya kwanza ikinenepa na kano ikavimba, inakuwa kama uzi wenye fundo kwenye tundu la sindano: ukiuvuta unapita kwa shida, kurudi hautaki.

Nilianza na banzi usiku, kile kigango cha kukishikilia kidole kikiwa kimenyooka, likapunguza kidogo. Kisha sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Hii usiidharau, zaidi ya nusu ya watu inawatosha. Siku mbili za mwanzo kiliuma zaidi, nafuu ikaja wiki ya pili, nikakaa miezi saba raha mustarehe. Kikarudi. Ya pili ikanipa miezi miwili tu. Daktari akakataa ya tatu, kwa kuwa dawa hiyo ikirudiwarudiwa hudhoofisha kano. Kama una kisukari, mwambie mapema: sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa, na uwezekano wa kupona kwa steroidi peke yake ni mdogo zaidi.

Ndipo tukaenda kwenye hiyo unayoiulizia, ya kuikata pete kwa ncha ya sindano. Ganzi ndiyo iliyouma kuliko yote. Baada ya hapo daktari akaingiza sindano nene, akaniambia nichezeshe kidole. Sindano ikayumba, kumbe ncha ilikuwa imeingia kwenye kano, akairudisha nyuma kidogo. Akaanza kuisogeza mbele na nyuma kufuata urefu wa kidole, nami nikawa nasikia mkwaruzo, krr krr, kama wembe unaofumua mshono wa jinzi. Ulipokoma akasema kunja, nyoosha. Kikapita laini! Hakuna nyuzi, plasta tu, na yote haikufika robo saa.

Ukifanyiwa hiyo, usishuke kitanda cha daktari kabla hujakikunja na kukinyoosha mwenyewe mara kadhaa. Daktari haoni ndani, kwa hiyo pete inaweza kukatwa nusu, na nusu iliyobaki utaigundua ukiwa nyumbani. Ndiyo maana wengine hutumia ultrasaundi, mashine inayoonyesha ndani ya mwili. Na kama chako ni kidole gumba, mimi nisingekubali sindano bila ultrasaundi, kwa sababu pale mishipa ya fahamu imepita karibu mno. Bora kupasuliwa, ambako nako watu wanakuogopa bure: mkato wa sentimita moja au mbili, ganzi ya mkononi tu, unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kiganja kiliniuma kama wiki mbili. Nilishika mkasi siku ya sita kwa kiherehere changu, kikavimba, nikalala na barafu. Sasa ni mwaka na nusu, hakijakwama tena, ila hakinyooki sawasawa. Hilo ni kosa langu: nilikiacha kimekunjwa muda mrefu kiungo kikakakamaa, na sindano inakata pete, haifungui kiungo kilichoganda.

Wewe ni kidole kipi, na bado unaweza kukinyoosha mwenyewe au mpaka ukivute? Na steroidi umeshachomwa ngapi?