Maswali yenu: fungu la kumi, lumbesa, na mzee wa kanisa anayepiga mke

Meseji zimejaa na nyingi zinafanana, nimechukua hizi chache. Kama swali lako halipo usinune, linaweza kuwa limejibiwa ndani ya la mwenzako.

"Nimeajiriwa, nataka kuwa mwaminifu kwa Mungu. Fungu la kumi nitoe kwenye mshahara wote au baada ya makato? Mke wangu anasema tuanze na dada wa kazi maana ana miezi minne hajapokea, ila hela yake haijapotea, tunamtunzia."

Kaka, mke wako yuko sahihi, anza hapo. Hilo la makato tutaliongea ukishamlipa huyo binti.

Umeniandikia mistari mingi kuhusu uaminifu na huyo dada umemtaja mwishoni kama kitu kidogo, wakati kwenye Biblia ndiye mwenye kesi kubwa. Walawi 19:13 inasema ujira wa mtu uliyemwajiri usilale kwako hadi asubuhi, yaani usiku mmoja tu ni kosa, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema jua lisichwe hujampa kwa sababu ni maskini na moyo wake ameutumainia huo ujira, wewe umelaza miezi minne. Yakobo 5:4 anasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele na hizo kelele zinafika masikioni mwa Bwana. Sasa jumapili unapoinua mikono kanisani ujue kuna sauti nyingine kutoka jikoni kwako imeshatangulia.

Halafu hili neno "tunamtunzia" naomba tuliache kabisa wapendwa. Nani alikuomba umtunzie? Yeye anaamka saa kumi na moja alfajiri, anabandika uji, anaogesha watoto, anapiga deki, anafua, usiku ndio wa mwisho kulala, na kijijini mama yake anasubiri atumiwe chochote kwenye simu. Akija kudai unamwambia glasi alizovunja, kitenge ulichomnunulia, dawa ya malaria, unakata vyote, anaondoka na nauli. Nimeona nyumba za watu waliookoka kabisa wanafanya hivi na asubuhi wanashika mikono sebuleni kuomba na huyo huyo dada akiwemo. Sheria ya ajira ya 2004 inampa saa 24 za kupumzika kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka, ni wangapi kati yetu tunampa hata hiyo jumapili moja aende kanisani kwa muda wake?

Yesu aliwaambia Mafarisayo mnalipa zaka za mnanaa na bizari na jira mkaacha adili, rehema na imani. Hakuwakataza zaka, ila aliwaambia hayo mengine ilikuwa lazima wayafanye. Zakayo alipoguswa alirudisha mara nne. Na uamsho ule ulioanzia Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukafika Uganda mpaka Bukoba kwetu na Kenya, majirani walijua mtu ameokoka kwa sababu alirudi na kitu alichoiba au akaja kulipa deni alilokuwa amelikana. Leo tunajuana kwa stika kwenye gari.

Mlipe leo, yote, mkononi mwake au kwenye simu yake, na umuombe msamaha kwa mdomo wako watoto wakisikia. Kama hela haitoshi uza kitu.

"Kondakta kanirudishia chenji imezidi elfu tano, nimegundua nimeshashuka. Ni baraka?"

Ni hela ya kondakta, na jioni akipeleka hesabu atakatwa yeye. Unajua gari linapita wapi, mrudishie.

"Mwanamke kuvaa suruali na kusuka rasta ni dhambi? Naomba andiko."

Hili naletewa kila mara, na kila mara andiko linalotajwa ni 1 Petro 3:3 kuhusu kusuka nywele na kujitia dhahabu. Naomba mara hii usiishie hapo, shuka mpaka mstari wa 7, wanaume wanaambiwa wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima ili maombi yao yasizuiliwe. Sijawahi kuletewa swali na mwanaume kuhusu mstari wa 7. Suruali yenu nimeshaijibu, vaeni kwa adabu, sirudii tena. Twende kwenye jambo lenyewe.

"Mume wangu ni mzee wa kanisa, watu wanamheshimu sana. Nyumbani ananipiga, juzi amenivunja kidole. Mchungaji ameniambia nivumilie, niombe zaidi, na kwamba tunatakiwa kusamehe saba mara sabini. Nifanye nini?"

Mama yangu, pole sana. Kwanza nenda kituo cha polisi, ulizia dawati la jinsia na watoto, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, uende hospitali hicho kidole kitibiwe na kiandikwe. Usiende peke yako kama unaogopa, nenda na dada yako au jirani. Na usirudi kulala kwenye hiyo nyumba mpaka uwe na uhakika wa usalama wako na watoto. Hayo fanya kabla hujamaliza kusoma hapa.

Sasa kuhusu kusamehe. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia Uganda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin, alivuka milima kwa miguu na mke wake mpaka Rwanda, na akiwa huko nje alisema hadharani kwamba amemsamehe Idi Amin. Alisamehe akiwa mbali, na Uganda alirudi Amin alipokuwa ameshaondolewa 1979. Hakuna mtu mwenye akili aliyemwambia kama umesamehe kweli basi rudi Kampala sasa hivi ukakae karibu naye. Kwa hiyo na wewe unaweza kusamehe ukiwa kwa mama yako mzazi, mlango umefungwa na kesi iko polisi, na msamaha wako ukawa wa kweli kabisa mbele za Mungu.

Na mchungaji wako akasome 1 Timotheo 3:3, sifa za msimamizi wa kanisa, imeandikwa "si mpiga watu". Maneno matatu, hayahitaji semina. Huyo mume wako hapaswi kushika sahani ya sadaka jumapili ijayo, angalau mpaka atubu na watu waone ametubu, na toba sio machozi ya siku moja mbele ya baraza la wazee. Hata serikali isiyohubiri iliweka kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971 kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, sasa kanisa linataka kuwa nyuma ya serikali? Nawaambia wachungaji wanaosoma hapa, mwanamke mnayemrudisha nyumbani kwa andiko siku akizikwa mtahitaji andiko lingine la kumwambia Mungu.

"Kwenye grupu letu la maombi la wasapu dada mmoja aliandika 'tumuombee fulani, amepima ana hali ile' na sasa mtaa mzima unajua. Ni sawa?"

Sio sawa, na wewe unajua ndio maana umeandika. Ugonjwa wa mtu, mimba ya binti wa mtu, ndoa ya mtu, haviwekwi kwenye grupu la watu mia mbili bila mwenyewe kuruhusu. Umbea ukianza na "bwana asifiwe" unabaki umbea. Aliyeandika aende kwa muhusika kwa miguu yake akaombe radhi, na admini afute hiyo meseji, na nyie mlioweka emoji za kuomba halafu mkaenda kusimulia mko kwenye kosa lile lile.

"Nanunua viazi Njombe naleta Dar. Wote tunanunua kwa lumbesa, nikikataa wenzangu wanachukua mzigo. Mungu anaelewa hali ya biashara?"

Anaielewa vizuri, hata kabla yako. Amosi 8:5 inawataja wafanyabiashara wanaosubiri sabato iishe ili wauze huku wakipunguza kipimo na kuongeza bei, kwa hiyo kesi yako ni ya zamani.

Nimesimama shambani nikaona gunia la lumbesa linavyofungwa. Linajaa mpaka mdomoni, mtu analikanyaga viazi vishuke, wanaongeza tena juu, lile rundo la juu wanalizungushia wavu wa kamba na kushona kwa shazia, gunia linakuwa refu kama mtu, na mkulima aliyelima kwa jembe la mkono kwenye baridi ile analipwa gunia moja. Moja! Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100 na wote mnajua, mzigo wenyewe unabebwa na vijana wawili wanatetemeka magoti.

Nunua kwa kilo. Beba mzani wako, pima mkulima akiona namba mwenyewe, lipa. Sikudanganyi, faida itapungua na kuna msimu utapitwa na wenzako. Ila wakulima wanaongea, ukijulikana kijiji kizima kwamba wewe hunyongi mtu, kuna watakaokuwekea mzigo wao. Hata wasipokuwekea, bado kile kipimo ni wizi na Waefeso 4:28 inasema mwizi asiibe tena. Na makanisa yetu nayo, mnapokea shukrani za mamilioni kutoka kwa matajiri wa mazao mnawaita mbele mnawaombea, muwe mnauliza basi walinunuaje.

"Nimeokoka, jirani zangu Waislamu wananialika futari kila mwaka. Niende au nitachafuka?"

Nenda. Beba tende au tikiti maji, fika kabla ya adhana ya magharibi, kaa mkekani na wenzako, kula uji wao wa pilipili manga na tambi. Usiende na vipeperushi mfukoni wala kuanzisha mjadala watu wana njaa. Na pasaka waalike na wao, tafuta kuku na umuite jirani mwenyewe amchinje ili wale kwa amani.