Hitilafu Moja, Tahadhari Mia

SWALI: Mimi ni fundi wa mtandao katika chuo kimoja. Hivi karibuni swichi moja, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na seva kwenye mtandao, ilizimika, na programu ya ufuatiliaji ikatumwagia tahadhari zaidi ya mia moja. Tukapoteza saa mbili tukiichokonoa seva ya barua pepe, ambayo kumbe ilikuwa nzima. Mwenzangu anadai kwamba tungekuwa na ontolojia tusingehangaika. Inatofautianaje na orodha ya vifaa tuliyo nayo kwenye jedwali?

Msomaji, Morogoro

JIBU: Jedwali lenu linaeleza mna vifaa gani, ontolojia inaeleza vifaa hivyo ni vya aina gani na vinahusianaje, kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuifuata na kutoa hitimisho. Maarifa huandikwa kwa RDF, muundo sanifu wa kuandika taarifa ambazo kompyuta inaweza kuzisoma, ambao kila kauli yake ina sehemu tatu, karibu sawa na sentensi tulizochanganua shuleni: seva ya barua inategemea swichi ya tatu, swichi ya tatu inategemea betri ya akiba. Kwa OWL, lugha ya kuandikia ontolojia iliyoidhinishwa mwaka 2004 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mnaweza kutamka kwamba uhusiano wa “inategemea” hupita kutoka kiungo hadi kiungo, na hapo mashine itajua yenyewe kuwa seva ya barua inategemea betri, ingawa hakuna aliyeliandika hilo. Tahadhari mia zikiingia, kila moja hufuatwa kuelekea kwenye chanzo chake, na kifaa ambacho njia nyingi hukutania ndicho cha kukaguliwa kwanza.

Tazama yaliyoipata Facebook tarehe 4 Oktoba 2021, ilipotoweka kwa takriban saa sita pamoja na WhatsApp na Instagram. Kwa aliye nje, DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao, ndiyo iliyoonekana kufa. Kumbe seva za DNS zilikuwa zinafanya kazi. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikuwa imekata uti wa mgongo wa mtandao unaounganisha vituo vya data, nazo seva hizo, kwa jinsi zilivyopangwa, zikaacha kutangaza njia za kuzifikia kupitia BGP, utaratibu ambao mitandao hutumia kuelezana njia, baada ya kushindwa kuvifikia vituo hivyo. Kibaya zaidi, zana za ndani ambazo mafundi huzitumia kutafuta hitilafu zilikwama pia. Kwa maoni yangu hapa ndipo modeli ya utegemezi, yaani ontolojia kama hiyo, inapolipa gharama yake, kwa sababu inaweza kuulizwa kabla ya balaa: ni zana zipi za ukarabati zinazotegemea kile kile zinachokikarabati?

Msianze na ontolojia kubwa. Andikeni utegemezi wa umeme, swichi na seva tu, na fundi anayehamisha kebo asiondoke kabla ya kurekebisha modeli, kwani modeli iliyopitwa na wakati hupotosha kuliko jedwali. Kumbukeni pia kwamba katika OWL jambo lisiloandikwa halihesabiwi kuwa si kweli. Kifaa kisicho na tahadhari si lazima kiwe kizima. Nakala ya modeli iwekeni kwenye kompyuta isiyopitia swichi ile iliyowazimikia.