Kabla hujalipia kibodi ya mtumba, chomoa kitufe kimoja

Wewe unayeanza kutafuta kibodi ya mekanika ya mtumba, yaani ile ambayo kila kitufe kina swichi yake chini, usishawishiwe na taa za rangi wala neno "gemu". Kibodi nyingi za raba, zenye vinundu vya raba chini ya vitufe badala ya swichi, zina taa na kelele pia. Ukweli uko chini ya kitufe. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Kaka, naomba nichomoe kitufe kimoja nione swichi." Akikataa, mwachie mzigo wake.

Chomoa herufi ya kawaida. Spesibaa iache: vishikizo vya kiwaya kinachoisawazisha huvunjika haraka, na katika kibodi za zamani za kampuni ya Cherry swichi yake mara nyingi ni ngumu kuliko za herufi, hivyo itakupotosha.

Tazama umbo kwanza. Kijiti chenye alama ya kujumlisha ni cha mtindo wa Cherry MX, swichi ya Kijerumani ya miaka ya 1980 ambayo Gateron, Kailh na Outemu wa China hutengeneza zinazofanana nayo. Tundu jembamba la mstatili ni Alps ya Japani, iliyomo kwenye Apple Extended Keyboard II. Ukiona springi tupu ndani ya kibomba, mara nyingi hiyo ni IBM Model M.

Lakini alama ya kujumlisha peke yake haitoshi, na hapa ndipo wageni wengi wanapoliwa hela. Cherry wenyewe walitoa G80-3000 yenye swichi za MX, wakatoa na G81-3000 inayofanana nayo kabisa kwa nje, ila ndani ina swichi za MY zinazokandamiza karatasi ya plastiki. Vitufe vya moja vinaingia kwenye nyingine! G83 nayo ni raba. Kwa hiyo igeuze kibodi usome lebo ya chini. Jina la mbele halikuhakikishii kitu.

Kisha soma jina lililochapwa juu ya swichi, ndipo uje kwenye rangi ya kijiti. Kwa Cherry, nyekundu na nyeusi hushuka laini bila kinundu, nyeusi ikiwa nzito zaidi. Kahawia ina kinundu kidogo katikati ya safari. Bluu ina kinundu na mlio. Waigaji wengi hufuata hizo nne. Nje ya hapo kila kampuni ina yake: nyeupe ya Kailh Box inalia, nyeupe ya Gateron ni laini kabisa.

Sasa ichomeke kwenye kompyuta ubonyeze polepole. Kwenye MX herufi hutokea karibu nusu ya safari, milimita 2 kati ya 4. Raba kwa kawaida hutaka ufike chini. Pitia vitufe vyote. Herufi inayojiandika mara mbili ina swichi mbovu, na pengine itahitaji kuchomelewa nyingine. Chomoa vitufe viwili vitatu zaidi pia, maana kibodi iliyopita kwa fundi inaweza kuwa na swichi za kuchanganya.

Ukinunua kwa picha, omba ya kitufe kilichochomolewa, mchana, taa za kibodi zikiwa zimezimwa, kwa sababu chini ya taa za rangi, swichi nyekundu na ya kahawia hazitofautiki. Omba na picha ya ncha ya waya. Apple Extended Keyboard II inatumia ADB, na Model M nyingi ni PS/2, zote plagi za zamani. Kwa kompyuta nyingi za leo utahitaji kigeuzi cha USB, basi bei ya kigeuzi hicho ikate kabisa mnapopatana.