Kabla hujalipia kiwanja pembezoni mwa Dar, uliza wanazikanaje

Watu wanaotaka kujenga Kigamboni, Goba, Chanika au Kibaha huniuliza maswali yanayofanana. Kiwanja kimepimwa? Umeme umefika? Mvua ikinyesha gari linapita? Hadi Posta ni muda gani? Ni maswali ya maana, ila dalali ana majibu yake yote mkononi, na jibu la dalali siku zote ni ndiyo. Swali wasilouliza ndilo ninalowaambia wakaanze nalo: huku kwenu mnazikanaje?

Wanadhani natania. Mimi nilitoka Sinza, nilikokuwa mpangaji, nikahamia kwangu upande wa Gezaulole nyumba ikiwa haijapigwa lipu na dirisha moja limezibwa kwa bati. Umeme ulichelewa, maji tulinunua kwa madumu, daladala ilikuwa ya kubahatisha. Hayo yote yalikuja kutengemaa kidogo kidogo. Jamaa tuliyeanza naye ujenzi, mwenye nyumba nzuri kuliko yangu, aliuza akarudi mjini, na sababu aliyonipa haikuwa maji wala umeme. Alisema anatoka alfajiri, anarudi usiku, anafunga geti, na hamjui hata mtu mmoja wa kumwachia ufunguo. Yeye alikuwa kwenye safu ya viwanja vipya vyenye kuta ndefu, mimi nimepakana na wenyeji. Kati yetu ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Na wageni kama sisi ni wengi. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani na watu milioni 1.1 hivi, ya 2022 ikawakuta zaidi ya milioni 2. Kwa upande wa Dar yenyewe, mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima Kibada, Gezaulole, Mwongozo, Tuangoma, Bunju, Mbweni, Buyuni na kwingineko, kisha Daraja la Nyerere likafunguliwa 2016 na Kigamboni ikaacha kuwa ng'ambo ya kusubiria pantoni. Kwa hiyo kuna maeneo makubwa ambayo nyumba zimewahi kufika kabla ya ujirani. Unapochagua kiwanja, jaribu kujua uko upande gani.

Sasa turudi kwenye msiba, maana ndipo utakapoona mengi. Mtaani kwetu kuna chama cha kufa na kuzikana. Una kiingilio chako na ada ya mwezi, ambayo kwetu haifiki bei ya chipsi mayai, na jina lako linaingia kwenye daftari la katibu. Chama kina turubai, viti vya plastiki, masufuria makubwa, masinia na majiko, vyote vimelala stoo nyumbani kwa mtu anayejulikana. Akifa mtu, tangazo linatoka kwenye kipaza sauti cha msikiti na kwenye kundi la WhatsApp, na kabla wafiwa hawajamaliza kupigia ndugu wa mkoani, vijana wameshafunga turubai na akina mama wameshakaa kwenye mbuzi za nazi na vibao, wanakuna nazi na kumenya vitunguu. Mfiwa hasogei jikoni wala hahangaiki na kaburi. Wakristo wanapika kwenye khitma, Waislamu wanabeba viti kwenye ibada ya maziko, na siku ya kuhesabu rambirambi mahesabu yanasomwa mbele za watu. Asiyetokea bila udhuru anaandikwa. Hakuna anayemgombeza, ila siku yake ya msiba ikifika, watu wanakuja polepole tu.

Unaweza kusema, mimi nanunua nyumba, msiba unanihusu nini? Unakuhusu kwa sababu mtaa unaoweza kusimamisha msiba saa tisa usiku unaweza kusimamisha jambo jingine lolote. Barabara yetu ya ndani ilichongwa kwa michango iliyokusanywa na katibu yule yule, kwenye daftari lile lile. Kalavati pale bondeni lilijengwa hivyo hivyo. Masufuria ya msiba ndiyo yanayopika pilau ya maulidi na ndiyo niliyoazima binti wa dada yangu alipoolewa. Mahali ambapo watu hawajawahi kuzikana, mchango wa kalavati utaanza na ugomvi wa nani ashike hela.

Kulichunguza hili ni rahisi na hakuna haja ya dalali. Nenda peke yako, kaa kwa mama ntilie au kijiwe cha bodaboda, agiza chai, na katika mazungumzo uulize: turubai la mtaa liko kwa nani? Ukijibiwa papo hapo, "Pita ule mwembe, nyumba ya geti la bluu, kwa Mama fulani," hapo pana watu. Ukiambiwa kila mtu anakodi lake mjini, si lazima ukimbie, ila ujue unanunua mahali ambapo ujirani itabidi muuanzishe nyinyi, na hiyo ni kazi ya miaka.

Kitu cha pili ninachokitazama ni kiwanja cha mpira. Nasema cha mchangani, chenye magoli ya miti na mbuzi wanaopita katikati. Nenda saa kumi na moja jioni siku ya mechi ya ndondo uone mtaa mzima ulivyotoka: mihogo ya kukaanga na pilipili, juisi ya miwa, watoto juu ya mti, wazee kwenye benchi wakibishana kuhusu refa. Kiwanja hicho ndicho sebule ya mtaa. Jumapili alfajiri vikundi vya jogingi vinaanzia hapo na nyimbo zao, na mara kwa mara wanaalikana bonanza na wenzao wa mitaa mingine. Vikundi vingi vya aina hiyo huwa na mfuko wa kuuguzana pia, na wakimaliza kukimbia wanapitia zahanati kufyeka nyasi.

Lakini hapa kuna swali la kisheria usilipuuze. Je, eneo hilo ni la wazi kwenye ramani, au ni shamba la mtu ambaye bado hajapata mteja? Nenda ofisi za halmashauri, idara ya ardhi na mipango miji, uombe kuona mchoro wa eneo. Maeneo ya wazi, ya shule na ya kuzikia yamechorwa mle. Nimeshaona kiwanja cha watoto kikiota bikoni, zile alama za mipaka, ndani ya wiki, na mtaa ambao hapo awali ulikuwa na kelele za furaha kila jioni ukabaki na kelele za kesi. Na dalali akikupeleka kwenye "kiwanja kizuri, tambarare, hakina hata mti," tazama vizuri kama hakuna alama za miguu na goli limeangushwa pembeni.

Kuna jambo linalowashinda wageni wengi: ngoma. Kigamboni, Kisarawe na Mkuranga kulikuwa na Wazaramo na shughuli zao muda mrefu kabla hatujafika na ramani zetu. Mwali akitolewa, mdundiko unapita njiani, watu nyuma yake, vumbi juu. Baadhi ya majirani zangu wapya walitaka kupiga simu polisi. Mimi niliwahiwa na bibi wa nyumba ya pili. Alikuja mlangoni siku tatu kabla.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Jumamosi nina shughuli ya mjukuu. Nisije nikasikia hukuambiwa."

Jumamosi yenyewe wakaniletea pilau kwenye hotpoti kubwa, na nilipoirudisha sikuirudisha tupu. Tangu hapo hakuna jambo linalofanyika upande ule nisilolijua mapema. Mdundiko una njia yake, una mwanzo na una mwisho. Kigodoro cha maspika hadi alfajiri ni kitu kingine kabisa, na msishangae kwamba wenyeji wenyewe wanakilalamikia kuliko sisi. Hicho kipelekeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkiwa wengi, wageni kwa wenyeji. Kosa ni kuvichanganya viwili hivi na kutaka kila kinachopigwa kizimwe. Kama masikio yako hayavumilii ngoma yoyote, usinunue kando ya kijiji cha zamani kwa sababu tu bei ni nafuu.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima; pita siku hiyo asubuhi uone kama watu wametoka na mafyekeo au ni mgambo tu anazungushia faini. Ulizia ulinzi shirikishi, nani analinda, zamu zikoje, mchango unalipwa wapi na risiti ipo. Kama wewe ni Mkatoliki, jumuiya ndogo ndogo itakufikia yenyewe, na Jumamosi alfajiri utakuta benchi za jirani sebuleni kwako. Mwezi wa Ramadhani usijifungie hata kama hufungi. Sahani ya futari ikiingia kwako, ipokee, na siku moja nawe upeleke.

Bagamoyo nitaisemea zaidi kidogo, kwa sababu wengi wanaikimbilia siku hizi na wanaipenda kwa sababu ambazo mimi naona si zenyewe. Wanakwenda kwenye tamasha la kila mwaka la TaSUBa, taasisi iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Wanaona ngoma za kila pembe, wanakula samaki, wanatembea Mji Mkongwe na magofu ya Kaole, na wakirudi Dar wameshamwita dalali. Tamasha ni zuri sana, lakini ni la siku chache, na wengi mnaowaona pale nao wamekuja na basi kama nyinyi. Anayetaka kuishi Bagamoyo aende Jumanne isiyo na kitu. Asikilize kama wanafunzi wanapiga mazoezi ya ngoma mchana, aone kina nani wapo mnadani samaki wanapoteremshwa, aone vijana wenyeji wanaojifunza kuchonga na kupiga ngoma wana pa kukaa au ni mapambo ya wageni. Mimi niliyaona hayo na nikaupenda mji, ila kilomita 70 kwenda kazini kila siku zilinishinda hata kwenye hesabu ya karatasi. Kwa aliyestaafu au anayefanya kazi nyumbani ni habari tofauti.

Basi, ukishapapenda, anza kuingia kabla hujahamia. Watu hukosea kudhani utambulisho ni siku ya kuleta vitu na lori. Mtaa unakusoma tangu msingi unachimbwa: fundi wako anakula kwa nani na analipa? Mlinzi wako anasalimia? Mchanga umemwaga katikati ya njia ya watu? Nunua tofali, maji na chakula cha mafundi pale pale panapowezekana. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mjumbe, jiandikishe, acha namba ya simu. Lipa kiingilio cha chama cha kuzikana ukiwa bado unajenga. Hakuna barua ya utambulisho inayosomeka haraka kama hiyo. Na msiba wa kwanza ukitokea, hata kama humjui marehemu, nenda ukakae, usiweke bahasha kisha ukaondoka na gari likiwa linanguruma. Wanawake, ingieni jikoni hata kama kazi yenu itakuwa kuosha masinia. Wanaume, msisimame pembeni na simu. Kuna turubai la kufungwa na maji ya kuteka.

Sitakuficha gharama yake. Kadi za michango zitakufuata, harusi za watoto usiowajua, ubarikio, hitma, ukarabati wa msikiti na wa kanisa. Jumamosi yako haitakuwa yako. Utaulizwa "mbona hatukukuona juzi?" na mtu ambaye mjini ungemwona mbea. Habari za nyumbani kwako zitajulikana kijiweni, ukipata mgeni, ukinunua gari, ukigombana. Kuna watu ambao hayo hayawafai kabisa, na wala si watu wabaya. Wao watafute nyumba kwenye miradi yenye geti moja na mlinzi wa kampuni, walipe ada ya huduma, wawe na amani yao. Wachunguze tu kwamba nyumba zina watu ndani. Pale Kigamboni ujenzi wa mradi wa nyumba wa Dege ulisimama njiani, na majengo yakakaa miaka mingi bila wakaazi. 

Kwa anayebaki na mpango wa kijiji chenye watu, fanya hivi wiki hii kabla hujatoa hata hela ya kuonyeshwa kiwanja. Mwulize mwenyekiti wa mtaa mkutano wa mwisho wa wananchi ulifanyika lini, mapato na matumizi yalisomwa au la, na eneo la makaburi la mtaa liko wapi. Halafu, ukitoka ofisini kwake, waulize yale yale wale vijana wa bodaboda. Majibu yakifanana, ita mpima aje ahakiki bikoni.